Mradi wa Mlango wa Nyuma

Jumatatu, 3 Machi
Habari njema karakanani. Shemeji, kaka wa mke wangu na mwenye karakana hii ya makabati ya jikoni, katangaza kuwa kuanzia leo Wakala ana ruhusa ya kuanzisha miradi mwenyewe. Wakala si mtu. Ni akili bandia iliyomo kwenye ile programu ya simu tunayogawiana kazi. Unamwambia unachotaka, anafungua mradi, anapanga kazi, anawatumia wahusika.

Ijumaa Shemeji atamtaja msimamizi mpya. Tunaowania ni wawili: mimi, na dada wa mauzo tunayemwita Tabasamu. Hutabasamu hata akiumwa jino. Simpendi.

Nimemwagiza Wakala: pekua malalamiko yote ya zamani, kila lalamiko ligeuze kuwa mradi, kila mradi uwe na jina langu. Nikaenda kunywa chai. Niliporudi, skrini imejaa miradi yangu. Nimechoka sana leo.

Jumanne, 4 Machi
Shemeji amenisifu mbele ya wote. Kasema hajawahi kuniona nikichapa kazi hivi. Nilipompigia mke wangu kumsimulia, akauliza kama kaka yake ni mzima.

Mchana, balaa. Tabasamu kaja kuniuliza, kwa upole wake ule, kama mradi wa kupanua mlango wa nyuma ni wangu. Nikajibu kwa fahari kuwa ni wangu.

"Basi hongera," akasema. "Mafundi wameshaubomoa."

Nikakimbia stoo. Kweli! Mlango hakuna, fremu hakuna, na kipande cha ukuta kimeondoka navyo. Fundi mkuu kaniambia aliletewa kazi kwenye simu, imeandikwa ya haraka sana, kwa jina langu. Yeye nani akatae? Nikamuuliza mlango mpya uko wapi. Kasema huo uko kwenye mradi mwingine, wa mwezi ujao.

Jumatano, 5 Machi
Nimeamka na akili. Kabla Shemeji hajafika nimemwagiza Wakala: mwenye mradi wa mlango awe Tabasamu. Mara moja, imekwisha. Nikajisikia mwepesi.

Shemeji kafika, nami nikajisogeza karibu nisikose kitu. Kumbe lori la mbao limeingia kinyumenyume hadi ndani ya stoo, na mzigo wa kushusha kutwa nzima umekwisha kabla ya chai. Shemeji akauliza ni nani aliyefikiria jambo hili. Wakafungua programu. Tabasamu! Mwenyewe alishangaa, lakini hakukataa. Kapigiwa makofi. Hata mimi nimepiga. Ningefanyaje?

Alhamisi, 6 Machi
Nimemwambia Wakala anirudishie mradi wangu. Kasema lazima Tabasamu akubali, akamtumia ombi. Nimelisoma baadaye. Sababu ya ombi: mwombaji anaona sifa zimekwenda kwa mtu asiyestahili. Sikumwambia aandike hivyo! Nilimwambia yeye tu, kwa faragha.

Tabasamu kaja mezani kwangu. Nikajiandaa kwa ugomvi.

"Ungeniambia tu, kaka. Chukua."

Akabonyeza pale pale. Jina langu likarudi. Ushindi!

Jioni, mvua. Si manyunyu, mvua ya kumwaga. Maji yameingia moja kwa moja stoo na kuogesha mbao zote za jiko la hoteli, ile oda kubwa. Zimevimba kama mikate. Shemeji hakufoka. Kafungua simu, kasoma jina, kanitazama, kafunga simu. Bora angefoka.

Ijumaa, 7 Machi
Msimamizi ni Tabasamu. Kawapigia simu watu wa hoteli, wamekubali kusubiri. Kisha akavaa koti la kazi, akajiunga na mafundi kuchagua mbao zinazookolewa. Mimi nimepangiwa kulinda pengo, na turubai, hadi mlango upatikane.

Nyumbani, mke wangu alikuwa ameshapigiwa na kaka yake. Kasema, kama si yeye, leo ningefungashiwa virago. Nikamjibu basi kaka yake ana bahati kuwa na dada kama yeye. Akachukua mto wake, akaenda kulala chumba cha watoto. Sijui nimesema nini.

Jumamosi, 8 Machi
Niko pengoni. Turubai linapigwa na upepo. Nimepata wasaa wa kutafakari, na nimegundua kosa lilipokuwa. Niliomba miradi mingi mno! Ningeomba mmoja tu, wenye maana.

Kwa hiyo nimemwagiza Wakala afungue mmoja: Kumrudisha Tabasamu Mauzo. Nikasisitiza uwe siri. Kanijibu kwa adabu kuwa ni siri kabisa, hautaonekana na yeyote isipokuwa wahusika.

Safi sana.

Nasikia simu ya Tabasamu inalia kule ofisini. Wateja hao, hata Jumamosi hawampumzishi.