Waraka wa Kufanana na Shetani

Kwa niaba ya Idara ya Ulinzi, ninayo heshima ya kuutangazia umma kwamba suala la walinzi kufanana na Shetani limeshughulikiwa kikamilifu.

Mwaka 2014 ukumbi wetu wa sanaa hapa Doha ulipokea michoro ya zamani ya Ulaya kuhusu Shetani na Siku ya Mwisho. Wazungu wa kale walimchora Shetani mrefu, mweusi tititi, macho mekundu. Kwa bahati mbaya ya kiutawala, mlinzi wetu Silvesta, mtu wa Bungoma, ni mrefu, mweusi tititi, na macho yake ni mekundu kwa sababu basi la kambi ya wafanyakazi, kule Sanaiya kwenye viwanda, huondoka alfajiri. Mgeni mmoja aliitazama picha, akamtazama Silvesta, akacheka.

Meneja wetu, Bwana Herbert, Mkenya mwenzetu, hakucheka. Aliunda Kamati ya Kufanana: mwenyekiti yeye, katibu mimi Mwaura, msimamizi wa zamu. Tukatoa waraka. Yeyote anayefanana na kiumbe wa motoni pichani, kwa sura, umbo au rangi, asikanyage ukumbini. Moja tu linatosha. Silvesta arudishwe kwao.

Nilimsomea uamuzi kwa sauti ya kiofisi.

"Bosi, kwani mimi niko na pembe?"

"Pembe si kigezo."

"Na Bwana Herbert? Si ni mweusi kunishinda?"

"Weusi wa meneja ni wa kiutawala," nikamfafanulia.

"Nikirudishwa, wadogo zangu wanatoka shule. Wote, bosi."

Roho iliniuma sana. Lakini roho haimo kwenye kanuni.

Siku ya ufunguzi rasmi wa maonyesho, wakati Silvesta amesimama nje na begi lake akingoja gari la uwanja wa ndege, Bwana Herbert alifika na wageni wakubwa, suti imemkaba. Mlangoni alikuwa Nyanchama, mlinzi asiyejua mzaha. Akanyoosha mkono.

"Samahani, sir. Huingii."

"Wewe! Unajua mimi ni nani?"

"Najua. Uko ndani tayari."

Akaonyesha kupitia kioo. Kwenye picha ya Siku ya Mwisho, chini kulia, kulikuwa na bwana mwenye kitambi, upara na kidevu cha ghorofa mbili. Ibilisi alikuwa anamvuta sikio kumpeleka motoni, naye kang'ang'ania karatasi yake.

"Huyo ni mzungu!" Herbert akafoka.

"Rangi, hapana. Umbo, ndiyo. Moja linatosha, sir. Ni waraka wako."

Wageni wakasogea, wakalinganisha. Mama mmoja wa ubalozini akasema, "Jamani, hata masikio!"

"Mwaura! Sema kitu!"

Nikasema sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Kama katibu, sikuwa na la kuongeza.

Jua la Juni lilikuwa linamchoma Bwana Herbert utosini. Ama abaki nje, ama aufute waraka. Aliufuta palepale, na kwa kuwa hapakuwa na meza, akaiweka karatasi juu ya mgongo wa Silvesta na kutia sahihi. Loo, Silvesta aliinama kwa furaha yote!

Kisha akaweka begi chini, akavaa kofia, akaingia kazini. Wageni walipomwuliza waanzie wapi, aliwaelekeza kwa adabu kamili:

"Shetani ni huyu wa kushoto. Meneja wetu yuko kulia, pale chini."