Shamba la Mita Thelathini za i

Kwa furaha kubwa, wananchi wa Kirolirwe walitangaziwa kwamba vita havitakula tena ardhi ya mtu bila hesabu. Tangu Jumatatu ile, kila shamba lingekuwa la mraba, hata lile lililoning'inia mlimani kama mkeka uliotundikwa ukauke. Na ardhi iliyokimbiwa na mwenyewe ingeandikwa kwa alama ya kutoa, kwa heshima zote.

Akili hiyo ilikuwa ya Chef Honoré, mkuu wa Ofisi ya Vipimo. Cheti cha shamba kilidai urefu wa upande mmoja tu, na upande ni kipeuo cha pili cha eneo: jambo la mtoto. Tatizo lilikuwa Mama Byukusenge. Alikimbia vita hadi Bweremana, akarudi, akataka shamba lake. Vitabuni lilikwisha kuwa mita za mraba −900, na kompyuta ilipoombwa kipeuo chake ikaandika kwamba kuna kosa.

"Mashine ya Serikali haiwezi kosa," alisema Chef.

"Iko na fonksio ingine ya kutafuta kipeuo, Chef," alijibu Guylain, karani wake. "COMPLEXE.RACINE. Ile haiogope alama ya kutoa."

Kisanduku cha kompyuta kikatoa 1,84E-15+30i.

"Hii i njo nini?"

"Ni sehemu ya kuwaza tu, Chef. Haiko mu dunia."

"Na ile ya mbele?"

"Ile ni ya kweli, lakini vumbi inaipita ukubwa."

Chef alifikiri, huruma ikamjaa. "Basi asiseme hatukumuachia kitu."

Mama Byukusenge akapewa cheti chenye mihuri miwili. Ng'ombe wa Chef, waliokuwa wakililinda shamba hilo kwa kulila, waliendelea na kazi. Mama akapanda maharage vilevile. Yalipochanua, ng'ombe mmoja na ndama wake wakayamaliza, naye akawafunga kwake kama desturi ya huko inavyotaka: mwenye mifugo aje akiri mbele ya majirani walikula wapi.

Chef alikuja na koti lake la sherehe, Guylain akimfuata na karatasi.

"Mama, fungulia ng'ombe yangu."

"Karibu, Papa Chef. Ilikula fasi gani?"

"Mu shamba yako. Si unajua?"

"Shamba gani, Papa? Ile ya vumbi, ao ya i? Ng'ombe ya miguu ine haienee mu vumbi. Kama shamba haiko, basi hii ilizaliwa hapa kwangu."

Majirani wakashikwa na kikohozi, wote kwa pamoja. Chef alimtazama ng'ombe wake, akatazama heshima yake, akaona ng'ombe ndiye mnene. Akamwinamisha Guylain, akaweka karatasi mgongoni pake, akaandika: shamba ni mita thelathini kwa thelathini, za kweli, alama ya kutoa imefutwa.

Mama akasoma, akaifunga karatasi kwenye pindo la kitenge, akamfungua ng'ombe.

"Na ndama?" aliuliza Chef.

"Ile ya kulipa maharage yangu? Iko, Papa Chef. Muiandike tu mu mashine, upande wa i."