Mikono Miwili ya Sweta

Jumatatu, 4 Machi

Maonyesho ni Jumamosi, ukumbi wa maktaba. Zulia langu la ukutani limefika pazuri: milima tayari, mawingu tayari, jua nusu. Na uzi wa sufu wa rangi ya chungwa umekwisha! Muuza nyuzi kasema fungu lile lililotiwa rangi pamoja halipo tena, akanipa jipya. Nikaliweka kando ya lile la zamani. Jua likaonekana lina homa.

Profesa akanikumbusha kwamba tangu mwanzo aliniambia nipime uzi kabla sijaanza. Profesa ni yule mama tunayefuma naye karakana moja. Uprofesa hana, jina tulimpa kwa sababu anajua kila kitu. Kweli aliniambia. Nami nikamjibu, mbele ya watu, kwamba sanaa haipimwi kwa futi kamba. Leo nimejifanya natafuta kitu chini ya meza mpaka akaondoka.

Jumanne, 5 Machi

Niliingia chumbani kwa Dada kutafuta mkasi. Mkasi tu, Mungu ni shahidi. Mezani haukuwepo, nikafungua sanduku. Chini kabisa: sweta ya marehemu Mama, aliyoifuma mwenyewe. Rangi ya chungwa ileile! Ndipo nilipojua jua langu nimelitoa wapi.

Dada haivai, inambana. Huitoa mara mojamoja, huinusa, huirudisha. Nikajiuliza: sweta ya kunusa ina haja gani na mikono? Nimefumua mmoja tu. Nimeikunja vizuri, upande mzima juu.

Jumatano, 6 Machi

Uzi umetoka umejikunjakunja kama tambi. Dawa yake kila mfumaji anaijua: unauloweka, unautundika na kitu kizito, unangoja ukauke umenyooka. Siku mbili. Sina siku mbili. Nikafuma hivyohivyo, jua likaota vinundu. Na bado halikujaa! Ikabidi nirudi sandukuni kuchukua mkono wa pili. Maji ukishayavulia nguo huna budi kuyaoga.

Mchana Dada akanipakulia kipande cha nyama kikubwa kuliko chake. Kasema amewatangazia wauguzi wenzake wodi nzima kwamba mdogo wake ni msanii, na Jumamosi ameomba ruhusa kazini aje aone. Nilitafuna muda mrefu sana.

Ijumaa, 8 Machi

Nimepata akili. Nimemwambia Dada kwamba maonyesho yameahirishwa. Badala ya kuuliza maswali akanionea huruma, akanifulia shati langu la heshima ili liwe tayari siku yoyote nitakayoitwa. Nililitazama pale kwenye kamba nikashindwa kukaa uani.

Saa kumi jioni Profesa akapita kuazima sindano. Akiwa mlangoni akamwambia Dada waonane kesho saa nne ukumbini. Njia ya mwongo ni fupi, yangu haikufika hata getini. Dada akanitazama. Nikasema wameahirisha kule kuahirisha.

Jumamosi, 9 Machi

Siandiki mengi.

Watu walijaa mbele ya jua langu. Si milima, si mawingu. Jua! Mkutubi mkuu akasema lina uhai, kama linachemka, akaniuliza nimefanyaje. Nikajibu kwamba ni mbinu yangu mwenyewe, utafiti wa miaka kumi. Sijui maneno yale yalitokea wapi. Wengine waliyaandika kwenye vijitabu vyao.

Profesa akasogea, akashika uzi kwa vidole viwili, akasema bila ubaya wowote, kama daktari anayesoma majibu: "Uzi huu umefumuliwa. Ulikuwa sweta."

Dada alikuwa nyuma yangu. Akanipita, akainama, akalinusa jua. Mbele ya wauguzi wenzake aliokuja nao, mbele ya mkutubi, mbele ya wote.

"Ni ya Mama," alisema. Kisha akanigeukia. "Ungeniomba, ningekupa."

Basi. Heri angenizaba kofi. Nilijifungia kwenye choo cha maktaba mpaka mlinzi alipokuja kugonga.

Jumapili, 10 Machi

Sijalala vizuri. Asubuhi nimekwenda kulichukua zulia, nikalifumua jua lote, vinundu na sifa zake. Nitamrudishia Dada mikono yote miwili. Nimemwahidi kupitia mlango, kwa sababu hafungui. Nilisikia kitanda kikilia, nadhani aliketi kunisikiliza. Sijawahi kujiona mdogo kiasi kile.

Safari hii nimefuata kanuni. Uzi nimeuloweka, nimeutundika, nimeufungia chupa ya maji iunyooshe. Kisha nimeupima ungali na maji, kwa futi kamba! Hautoshi. Vipande nilivyokata wakati wa kufuma havishikani tena, na mkono mmoja utaishia kwenye kiwiko.

Nikaikumbuka skafu ya Profesa. Aliisahau jana kwenye kiti ukumbini, nami leo nimeibeba ili kesho nimrudishie. Sufu safi, amesokota mwenyewe, na rangi ni chungwa tupu. Nilifikiria kumwomba. Lakini ukimwomba mtu lazima umweleze, na aibu ya wiki hii imenitosha. Halafu skafu yenyewe ni ndefu mno kwa shingo moja.

Nimeanzia ncha ya chini.