Gari la Kwanza la Mwanarusi

Jumatatu, 1 Septemba 2025
Siku mbaya! Gerishom, jirani yangu mpishi wa hoteli, amemnunulia mwanawe Griffin gari. Kigari cheupe, hata sauti hakina. Mtaa mzima umetoka kutazama. Nikampa hongera, meno nje, roho inaniuma. Binti yangu Mwanarusi ana miaka kumi na minane, leseni anayo, na Jumatatu ijayo anaanza uuguzi Msambweni. Mke wangu Subira anataka tumtafutie kadogo kama kale, kasikokuwa na mbio. Nifanane na Gerishom? Haiwi!

Jumatano, 3 Septemba
Nimepata! Kule Jego, kwa Mwinga mchuuzi wa samaki. Gari refu, kubwa, bei ya kutupa. Limebeba samaki na barafu miaka yote. Nikapita Kona ya Musa kwa Kalama fundi, anisifu. Hakunisifu. Akauliza lilikuwa likibeba nini. Nikasema matunda. Akanusa, akacheka, akaniambia niinue zulia, maji ya chumvi hula chuma kwa chini. Nikamwambia nina haraka. Wivu tu.

Alhamisi, 4 Septemba
Nimeinua zulia. Astaghfirullah! Kutu tupu. Penye miguu ya dereva nimeuona mchanga wa uani. Nikalaza ubao, juu yake mkeka wa plastiki wenye maua. Marashi chupa nzima. Subira akauliza mbona gari linanuka harusi na papa kwa pamoja. Nikasema litazoeleka.

Ijumaa, 5 Septemba
Baada ya swala nikaita watu, gari lisomewe dua. Ubani, kahawa, halua. Na Gerishom pia, aone! Maalim akataka kuketi penye usukani aombe vizuri. Nikamzuia kwa adabu zote, nikasema kiti kina mafuta. Mwanarusi akaubusu mkono wangu, akasema hakuna baba kama mimi. Nusura nimwambie. Lakini Gerishom alikuwa akitazama.

Jumamosi, 6 Septemba
Mwanangu amevunjika mguu. Alikwenda kuzoea njia ya Msambweni. Mbuzi akakatiza, Mwanarusi akakanyaga breki kwa nguvu zote, ubao ukakatika, mguu ukapita sakafuni hadi kwenye lami. Gari likaishia kichakani. Griffin, aliyekuwa nyuma yake, ndiye aliyempeleka hospitali kwa kile kigari. Daktari anasema kifundo kimesagika, huenda akachechemea maisha. Subira alikwenda kutazama gari, akaukuta ubao wangu. Akauleta, akauweka mbele yangu. Ya Rabi, ni mimi!

Jumatatu, 8 Septemba
Leo ndiyo siku ambayo angeanza chuo. Yuko wodini, amegeukia ukutani. Amenipa shikamoo bila kunitazama. Akauliza kama nilijua. Nikasema sikujua. Nikatoka, nikalia pale nje mbele za watu, mpaka Gerishom akaniletea maji. Akanipa pole, akasema mtoto apone kwanza, kisha Griffin atakuwa akimpeleka chuo kila asubuhi, nisiwe na wasiwasi.

Mwanangu, ndani ya kigari kile? Nikamshukuru sana. Alipoondoka tu nikampigia simu Mwinga. Tumekubaliana: yeye anachukua injini ya lile gari, mimi nachukua pikipiki yake kuukuu ya kubebea samaki. Mwanarusi akitolewa plasta ataikuta mlangoni. Na safari hii Kalama asiniletee habari za zulia. Pikipiki haina sakafu.