Mpaka Sipho Aniite Sbali

Jumamosi, 6 Septemba 2003

Imetosha! Leo kwa wakwe tulichoma nyama, na Sipho, mdogo wake mke wangu Lerato, mchana kutwa alimwita Thabo sbali. Sbali kula, sbali kunywa. Kwao sbali ni shemeji. Thabo kamwoa dada yao mkubwa. Mimi nimemwoa Lerato Morogoro, enzi zao za uhamishoni, nikamfuata mpaka Johannesburg, na bado naitwa Nicodemus. Nicodemus, lete barafu! Nicodemus, shika mtoto!

Siri naijua. Thabo na Sipho hucheza motokrosi, mbio za pikipiki, pamoja huko Midrand, kwenye uwanja wa vumbi na vilima. Nikasimama na sahani yangu, nikatangaza kwamba mimi nimeipanda milima ya Uluguru kwa pikipiki. Sipho akasema sharp, yaani sawa, tarehe ishirini kuna mbio za wanaoanza, atanikopesha pikipiki yake ya zamani.

Njiani Lerato akanikumbusha kwamba pikipiki ile ilikuwa ya bwana shamba, na mimi nilibebwa nyuma nimeshika kuku. Sawa. Lakini mlima niliupanda!

Jumamosi, 13 Septemba

Somo la kwanza. Sipho anafundisha kwa kiburi. Eti simama juu ya pikipiki, legeza magoti, tazama mbele, breki ndiyo rafiki yako. Nikaachia klachi. Pikipiki ikaondoka. Mimi nikabaki.

Sikuanguka. Nilishuka mapema. Sipho kasema eish, bora nikashangilie tu na akina mama. Nani? Mimi? Nimeidai pikipiki nije nayo nyumbani Bellevue, niizoee. Ameileta kwa bakkie, pikapu yake, uso kaukunja.

Jumanne, 16 Septemba

Magoti yamechubuka. Nikavuka korido kwa jirani Lambert, fundi cherehani Mkongomani, adui yangu wa kugombania kamba ya kuanikia nguo. Kacheka mpaka kaweka mkasi chini. Kwao Bukavu, anasema, hata bibi yake anaendesha. "Ile moto itakuua, ndugu yangu." Moto kwao ni pikipiki.

Hata hivyo kanishonea suruali ya mbio kwa kitambaa cha sofa, sponji ya godoro magotini. Ila kanipima nimesimama wima, kama bwana harusi! Ndani yake sikai wala sikunji mguu. Nimekataa kumpa raha ya kuirekebisha. Motokrosi ni ya kusimama. Sipho mwenyewe kasema.

Ijumaa, 19 Septemba

Wakongomani wa mtaa huu hawaanzi jambo bila upako. Mama Célestine, anayeongoza maombi kwenye gereji yetu, hupaka mafuta pasipoti, funguo za duka, kila kitu. Cherehani ya Lambert imepakwa, na haijawahi kuharibika. Je, mimi ni mjinga niende mikono mitupu?

Jioni nikaisukuma pikipiki mpaka gerejini. Mama Célestine akanipaka tone kwenye paji la uso, na tone jingine kwenye usukani. Tone! Kwa vilima vile! Nikamwomba aongeze. Akasema Mungu hapimi kwa lita, akafumba macho akaanza kuomba. Mama huyo akianza kuomba, wali unaiva.

Nikajiuliza, hatari iko wapi? Kwenye breki. Basi baraka ziende kwenye breki! Waumini wote wakiwa wamefumba macho nikachukua chupa ya mafuta, nikaimiminia ya mbele, nikaimiminia ya nyuma. Zikang'aa. Waliposema amina, chupa ilikuwa mahali pake, tupu. Nimelala na amani ya ajabu.

Jumamosi, 20 Septemba

Naandika kwa mkono wa kushoto.

Nilianza vizuri, yaani wa mwisho, lakini wima. Tukapanda kilima kikubwa. Tukaanza kushuka. Nikabana breki ya mbele. Hakuna kitu. Nikatafuta ya nyuma kwa mguu, suruali ya Lambert ikagoma. Nikawapita watu wote! Wote! Nikaruka hewani, nikakata utepe, nikaelekea kwenye kibanda cha soseji.

Hapo nikamwona Sipho anakimbia kando yangu, macho yamemtoka, anapiga kelele: "Brake, sbali! Sbali, brake!"

Sbali! Mbele ya Thabo! Mbele ya muuza soseji! Moyo ulinijaa. Nikaachia usukani nimpungie mkono.

Kifundo cha mkono wa kulia kimevunjika. Soseji ziko salama, zilikingwa na matairi.

Jumapili, 21 Septemba

Sipho kaja kuchukua pikipiki. Kapitisha kidole kwenye breki, kanusa, kaniuliza nini hiki. Nikamweleza habari ya upako, kwa fahari. Hakucheka hata kidogo. Akaaga: "Ugua pole, Nicodemus."

Imeniuma kuliko mkono. Lerato kasema nduguye angemwita sbali hata mbwa anayekwenda kugongwa. Uongo! Niliisikia ile sauti. Ilikuwa ya shemeji kwa shemeji.

Nimewaza mchana kutwa na kosa nimeliona. Mama Célestine ana haki ya kununa kwa mafuta niliyomalizia, lakini ile chupa yake ilikuwa ndogo mno. Nimemtuma Lambert aninunulie ya lita tano.