Kindi, Pilipili na Majivu

Jumanne, 17 Februari
Kindi tena! Amening'inia kichwa chini kwenye chombo cha mbegu ambacho marehemu mke wangu Hester alikitundika nje ya dirisha la jikoni. Hakusaza hata punje. Wale ndege wenye nyuso nyekundu, ambao Hester aliniusia nisiwaache na njaa, wametoweka. Dirisha bila wao lina ukimya mzito mno. Jirani yangu, Bibi Thwaite, humlisha mnyama yule karanga mkononi na kumwita Bwana Mdogo. Leo, tukila chapati za maji za mkesha wa Kwaresima katika ukumbi wa kanisa langu, nilimsihi aache. Alijibu kwamba kindi naye ni kiumbe cha Mungu, tena hahubiri kwa muda mrefu.

Jumatano ya Majivu
Nimesoma kwamba ndege hawahisi ukali wa pilipili. Kindi huuhisi. Hekima ya Muumba! Nikachanganya mbegu na pilipili ya unga kwa mkono mtupu, nikajifuta kwa leso, nikaenda kanisani. Kwa kidole gumba niliwapaka waumini majivu kwenye vipaji vya nyuso. Hawajapata kuguswa hivyo. Kwaya nzima ilitokwa machozi. Nilidhani ni mahubiri. Nyumbani nilijifuta jicho, nikaelewa.

Alhamisi, 19
Nilikwenda kwa Bibi Thwaite kuungama. Alinitangulia kusema pale langoni, kipaji cha uso kikiwa chekundu.
“Padre, miaka yote hii unatupaka masizi tu. Jana yaliniwaka hadi nikaziona dhambi zangu. Basi Kwaresima hii najinyima ninachokipenda. Bwana Mdogo simlishi tena.”
Nilinyamaza. Kunyamaza huko nimekuita busara. Jina hilo halijatulia moyoni.

Ijumaa, 20
Bwana Mdogo, aliyenyimwa karanga, amehamia kwangu pamoja na jamaa zake wawili. Wanaila pilipili kana kwamba wamelelewa nayo. Ndege mmoja mwenye uso mwekundu alitua ukutani, akaitazama foleni, akaondoka. Nilisimama dirishani hadi chai ikapoa.

Jumapili, 22
Nimetafakari kwa sala, na kosa nimeliona: pilipili ilikuwa ya upole. Nimepata iliyo kali zaidi na kuichanganya kwa vidole vyote, ipate kuenea. Hester angefurahi. Kengele inalia, sina nafasi ya kunawa. Nabatiza mjukuu wa Bibi Thwaite.