Stoo Tupu

Jumatatu, 3 Machi
Mkaguzi wa bima anakuja keshokutwa kuorodhesha vitu vya ndani. Vitu vikiwa vingi, ada inapanda. Jirani yangu, mwalimu mstaafu tunayemwita Bwana Risiti, kaandikisha hadi vijiko. Ati bima pungufu itakuja kuniliza. Kusoma kote kule! Mimi nitaonekana fukara. Akili ni mali.

Jumanne, 4 Machi
Kitanda na kabati kuukuu nimeviacha; mali nyingine yote nimeihamishia chumba cha nyuma: televisheni, makochi, friji, na cherehani cha mke wangu, alichoachiwa na marehemu mama yake. Ndicho kilichosomesha watoto wetu. Mke akauliza kulikoni. Nikasema nataka kupiga deki. Miaka ishirini na sita ya ndoa, hajawahi kuniona nimeshika tambara. Friji nimelichomeka kwenye ile soketi ya zamani, nyama isioze. Hakuna nilichosahau.

Jumatano, 5 Machi
Ushindi. Mkaguzi kakalia ndoo. Akauliza mlango wa nyuma una nini. Nikamwambia stoo tupu, ufunguo umepotea. Akaandika hivyo hivyo, nikatia sahihi kwa madaha. Akanipa pole kwa maisha magumu, nikaipokea. Vitu nitavirudisha kesho. Mgongo unauma.

Alhamisi, 6 Machi
Ile soketi. Tulikuwa sokoni. Bwana Risiti ndiye aliyevunja mlango na kumwaga maji, lakini alikuwa amechelewa. Kimeungua chumba kile kimoja tu. Nyumba nzima imesalia, na ndani haina kitu.
Bwana Risiti hakusema kwamba alinionya. Ametuletea viti viwili tukalie. Hilo limeniuma zaidi.

Jumatatu, 10 Machi
Nimekwenda ofisi ya bima. Mkaguzi akanionyesha sahihi yangu. Akasema watalipa mlango na paa la stoo tupu. Nimejikaza mbele za watu. Nimelia ngazini.
Mke wangu hajafoka. Afadhali angefoka. Anashona sare za watoto wa watu kwa mkono, dirishani, vidole vimejaa matundu ya sindano. Ameniomba kitu kimoja: nimtafutie hata gurudumu la cherehani, ashike pale mama yake alipokuwa akishika. Nimechakura majivu mpaka nikalipata. Limepinda. Amelifunga kwenye kitambaa cheupe, akaliweka kabatini. Nimemwapia kwamba safari hii nitaandikisha kila kitu, hata vijiko.

Jumapili, 16 Machi
Shemeji yangu kamletea dada yake cherehani chake cha akiba. Leo mke wangu ameimba, mara ya kwanza tangu moto. Mkaguzi anarudi kesho kuandika orodha mpya. Mke amekipangusa cherehani, akakiweka katikati ya sebule kionekane, akanikumbusha kiapo changu. Nikamwambia aondoe shaka.
Sasa ametoka kumsindikiza mdogo wake. Nimekipima kwa kamba. Kinaenea chini ya kitanda. Nimeinama nikahakikisha: kule hakuna soketi.